Gitaa Aliloazimwa Cephas

Ukiuliza sokoni Migori habari za Cephas wa poshomili, utaambiwa jambo moja kabla ya jingine lolote: huyo ndiye aliyechoma gitaa lake. Utaambiwa kwa heshima, maana habari hiyo imezunguka makanisa mengi, na siku hizi iko hata kwenye simu za watu, Cephas akiwa na suti ya kijivu, mkono juu, akisema, "Nilichoma gitaa langu nikamfuata Bwana." Mama zetu hupiga vigelegele hapo. Wengine hulia.

Mimi sina ugomvi na wokovu wa mtu. Cephas aliokoka kweli. Pombe aliiacha, na mkewe, Linet, akaanza kula chakula cha jioni na mume badala ya kula na wasiwasi. Ila katika ushuhuda ule mna uongo mmoja, na Cephas aliujua tangu siku ya kwanza. Gitaa halikuwa lake. Lilikuwa la Byron.

Byron ni mtu wa kisiwa cha Mfangano. Zamani wawili hao walipiga pamoja kwenye bendi ndogo iliyokesha Karungu kila wavuvi walipopata pesa, Byron akipiga solo, Cephas akimfuata kwa ridhimu. Gitaa la Byron lilikuwa jekundu, na mgongoni alikuwa ameandika jina la mama yake, Truphena, kwa rangi ya kucha. Hakusema "gitaa langu" hata siku moja. Alisema, "Nipe Truphena," au "Truphena leo ana baridi, ngoja apate moto." Cephas yeye hakuwa na gitaa. La kwake liliishia kwenye deni la pombe, akawa anapiga la yeyote aliye karibu.

Kisha baba yake Byron akafa. Mtu haendi kumzika baba yake na gitaa begani, kwa hiyo Byron akaliacha nyumbani kwa Cephas, limefungwa ndani ya shuka. Akasema, "Nitunzie mpaka nirudi," akaenda kisiwani.

Wiki hiyohiyo mhubiri mgeni akapiga kambi uwanjani Migori. Alisema gitaa ni bomba ambalo shetani hupitishia maji machafu. Siku ya tatu akaagiza kila aliyeokoka alete kilichomfunga, kichomwe hadharani saa kumi jioni. Watu wakaleta hirizi, misokoto ya bangi, kanda, nguo za wapenzi wao wa siri. Mhubiri akamwona Cephas katikati ya umati. Alikuwa ameambiwa habari zake. Akamwita kwa kipaza sauti: "Na wewe mpiga gitaa, umeleta nini?"

Cephas hakuwa na kitu. Angeweza kusema hivyo. Angesema, "Mtumishi, mimi sina hata gitaa," watu wangecheka kidogo, na mambo yangeishia hapo. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na aliona haya kuwa mwenye dhambi asiye na chochote cha kuchoma. Akakimbia nyumbani, akarudi na kile kilichofungwa kwenye shuka. Wahenga walionya kwamba cha kuazima hakisitiri maungo. Cephas alijisitiri nacho siku moja, kikamwacha uchi miaka kumi na miwili.

Byron aliporudi kutoka matangani alifika mlangoni kwa Cephas, akaambiwa tu kwamba gitaa limechomwa. Halafu akasema, "Sawa," akaondoka. Hakudai, hakumsema kwa mtu. Baada ya mwezi akahama Migori. Cephas angefurahi zaidi kama angemtukana.

Basi ndivyo alivyoishi. Alifanywa mzee wa kanisa kwa sababu ya moto ule. Alinunua poshomili, mashine ya kusaga mahindi, na Linet alishangaa jinsi mumewe alivyopenda kelele yake, akiiwasha hata wateja wakiwa wawili tu. Sababu ilikuwa nyepesi. Mashine ikinguruma, Cephas hakusikia redio za majirani zikipiga magitaa.

Mwaka huu mambo yakageuka. Kanisa lilelile sasa lina spika nne, kinanda na ngoma, na vijana wake walikuwa na gitaa la umeme. Shetani inaonekana alihamisha mabomba yake. Gitaa hilo lilianguka kutoka kwenye boda boda vijana wakienda mkutano Kehancha, shingo ikavunjika vipande viwili. Mchango ukafanywa, na mchungaji mpya, Motari, kijana mchangamfu asiyejua ya kale, akasimama madhabahuni Jumapili.

"Pesa ya kununua gita ingine tumpatie Mzee Cephas," alisema. "Kati yetu hapa nani anajua gita kumshinda? Si alikuwa na yake mpaka akaichoma?"

Kanisa zima likacheka kwa upendo. Cephas naye akacheka, na masikio yake yakawaka moto.

Aliambiwa Homa Bay kuna duka la Mubarak, mfanyabiashara aliyetoka Garissa, lenye magodoro, spika na magitaa. Akaenda siku ya Jumanne. Dukani alimkuta Shamima, binti wa Mubarak, msichana mwenye maneno machache na macho ya kupima. Magitaa matano yalining'inia ukutani. Moja lilikuwa na wekundu uleule wa Truphena. Cephas hakuangalia mengine.

"Nipe hiyo," akasema.

Shamima akalichomeka kwenye spika, akampa. Cephas akaketi kwenye godoro lililofungwa nailoni. Vidole vilikwenda mahali pao vyenyewe, kama punda anayejua nyumbani, lakini vilipofika havikuwa na nguvu. Sauti ikatoka mbovu. Akajaribu kukaza uzi mmoja, ukapita kiasi. Akaulegeza, ukalia kama mbuzi. Jasho likamtoka. Mtu mzima, mtaalamu wa gitaa wa kanisa zima, hawezi kulinganisha nyuzi sita. Alimwonea haya msichana yule ambaye hakuwa amesema lolote. Na aibu nyingine ilikuwa chini ya hiyo, kubwa zaidi: kwamba alipokuwa amelipakata gitaa lile, hata likilia vibaya, alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata akiwa mbele ya watu na suti ya kijivu.

"Mzee, usijali," Shamima alisema. "Kuna fundi wetu. Mzigo ukiingia, yeye ndiye hutujaribia gita zote. Ako hapo chini karibu na pier, kwa maboti, anatengeneza redio. Nishampigia."

"Anaitwa nani?" Cephas aliuliza, ingawa alishajua.

"Byron. Huyo mzee ni ajabu. Hana gita yake. Anakuja hapa anacheza siku nzima, halafu anazirudisha moja moja kwa ukuta, anaenda nyumbani."

Cephas alisimama aondoke. Aliangalia mlango. Mlangoni alikuwa ameshaingia mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, bisibisi mfukoni mwa shati.

"Omera Cephas," Byron akasema. Akampa mkono. Mkono wenyewe ulikuwa mkavu na mgumu, nao haukumbana wala haukumkwepa.

"Omera," Cephas akajibu. Ni neno la Kijaluo la kumwita mtu ndugu.

"Unatafuta gita?"

"Ya kanisa."

"Ya kanisa," Byron akarudia, akitikisa kichwa polepole. Hakucheka. Akaangalia lile jekundu mikononi mwa Cephas, akalichukua, akaliinua kwenye jicho moja kama fundi seremala anayekagua ubao. "Hii ni rangi tu. Shingo imepinda. Mkiipeleka kanisani, mwezi mmoja italia peke yake. Irudishe."

Akashusha mengine. Kwa kila moja aliipitisha shingo jichoni, akabonyeza uzi juu, akabonyeza chini, akasikiliza kama sauti ya juu ni ndugu wa sauti ya chini. Mwishowe akabaki na moja la rangi ya kahawia, lisilo na urembo, ambalo Cephas asingeligusa hata kwa bahati mbaya. Akalinganisha nyuzi kwa dakika moja. Kisha akampa Cephas, naye akachukua jingine.

"Nipigie ridhimu."

"Byron, mimi nimesahau."

"Hujasahau. Piga."

Akapiga. Mwanzo alikosa, akarudia, akakosa tena, ncha za vidole zikimuuma. Byron alingoja bila kumtazama, kama zamani Karungu wakati Cephas alipokuwa amelewa. Mara mkono ukashika njia. Byron akaingia juu yake na solo, nyepesi, inayokimbia mbele kisha inageuka kumngoja mwenzake, na duka la magodoro likawa si duka tena. Watu wakaanza kusimama mlangoni. Kijana mmoja wa boda akapiga kelele, "Wazee wako na vidole, manze!" Cephas alifumba macho. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema, na kwa dakika chache aliamini.

Walipomaliza, mama mmoja mwenye beseni la omena, dagaa wa ziwani, akasogea. Jina lake Scovia. Alimkodolea macho Cephas mpaka uso ukamfunguka.

"Si wewe ni yule wa Migori? Ulichoma gita yako?" Hakungoja jibu. Aligeukia watu. "Huyu mnayemwona! Mume wangu alisikia ushuhuda wake, akaenda nyumbani akavunja chupa zote. Hadi leo hajagusa!" Kisha, kwa sababu furaha ilimzidi, akamgeukia Byron pia. "Na wewe jaduong', mzee wetu, unacheza hivi, yako iko wapi?"

Byron alikuwa akichomoa waya kwenye spika. Aliendelea kuuzungusha mkononi.

"Nilimwazima mtu," akasema. "Bado anaitumia."

Watu hawakuelewa kitu. Cephas alielewa. Aliyaona makanisa yote aliyosimama, kila amina, kila kiti cha mbele alichowekewa, na katika yote alikuwa na gitaa la mwenzake mkononi. Aliona aibu. Alijua pia kwamba Byron ameshamfunika tena, kama alivyomfunika miaka yote, na kwamba akinyamaza sasa anaweza kulipia lile la kahawia, apande gari, afe mzee wa kanisa.

"Haikuwa yangu," akasema.

"Nini?" Scovia akauliza.

"Ile gita nilichoma. Ilikuwa ya huyu. Alikuwa ameniwekea, yeye akaenda kuzika babake. Mimi sikuwa na kitu cha kuchoma, nikachoma yake." Akamgeukia Scovia. "Na nimekuwa nikisema ni yangu."

Shamima aliacha kufanya lolote alilokuwa akifanya. Scovia alishusha beseni lake chini, akafikiri kwa bidii, uso umekunjika.

"Kwa hivyo mume wangu ameokoka na gita ya mtu?"

Yule kijana wa boda alitaka kucheka, akaona haya, akaondoka. Wengine nao wakatawanyika mmoja mmoja.

Byron akavuta kiti cha plastiki, akaketi mbele ya Cephas.

"Sasa niambie," akasema. "Alienda namna gani?"

Msomaji asiye wa huku pengine hataelewa swali hilo. Huku, mtu aliyechelewa kufika msibani huketishwa, akasimuliwa jinsi marehemu alivyokufa, tangu kuugua hadi pumzi ya mwisho. Hafichwi kitu. Asiposimuliwa, hawezi kulia vizuri, wala hawezi kumaliza. Byron alikuwa amengoja kusimuliwa habari za Truphena, gitaa lake, miaka kumi na miwili.

Cephas akamsimulia. Alisema alivyolitoa kwenye shuka akaona jina mgongoni, akaligeuza ili asilisome. Alisema moto ulikataa kulishika, mpaka mtu akamwaga mafuta ya taa. Rangi ilivimba kwanza. Halafu nyuzi zikaanza kukatika, moja baada ya nyingine, watu wakiimba. Na yeye, katikati ya kuimba, aliutambua kila uzi kwa sauti yake. Wa mwisho ulikuwa ule mnene, ulichelewa sana. Asubuhi yake alirudi uwanjani kabla ya watu, akakuta majivu na vichuma, akavitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Mkebe uko nyuma ya poshomili mpaka leo. Linet hajui.

Byron alisikiliza, kichwa chini. Alipofikishwa kwenye ule uzi mnene alivua miwani, akafuta macho na kiganja, akaivaa tena. "Haya," akasema. "Nimesikia."

Hapo Cephas akafanya jambo la kipumbavu kabisa, na alilifanya kwa moyo safi, ndiyo maana namhurumia. Alichukua lile gitaa la kahawia, akaliweka juu ya magoti ya Byron.

"Chukua. Ni yako. Kanisa nitajua vile nitawaambia."

Byron alilitazama. Kisha akamtazama Cephas kwa muda mrefu, karibu kwa huruma.

"Omera," akasema, "hata hii si yako."

Sijui kama kuna aibu inayozidi hiyo. Mtu ameungama kosa mbele ya wauza omena, machozi hayajakauka, naye analirudia kosa lilelile neno kwa neno. Cephas alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya Mubarak ni ya saruji nzuri. Akalilipia gitaa la kanisa kwa pesa ya kanisa, akarudi nalo Migori.

Jumapili alisimama akasema yote. Aliyasema vibaya, bila mpangilio, na hakuna aliyepiga vigelegele. Linet alitazama mikono yake mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Ibada ilipokwisha alipita mbele ya mumewe akaenda nyumbani peke yake, na jioni akamwekea chakula, akamwita kwa jina la binti yao, "Wuon Akinyi, huo mkebe ulete ndani. Kwa nini ulale nje?" Mchungaji Motari naye alimwomba kwa upole aache kiti cha wazee kwa muda. Muda wenyewe haujaisha. Kuna nyumba ambazo hazimpelekei tena mahindi, na kuna mwanamume mmoja aliyekuja kwenye poshomili kumwambia tu kwamba amemvunja moyo. Cephas alizima mashine ili amsikie vizuri.

Aliuza ng'ombe wake wa maziwa. Akarudi dukani, na safari hii alikagua shingo kwa jicho lake, akakataa mawili, akachagua la tatu. Shamima alimwangalia, akasema tu, "Hiyo sawa." Akalipeleka hadi kwenye kibanda cha redio karibu na pier. Mkebe aliuweka kando yake.

Byron alifungua mkebe kwanza. Alivishika vile vichuma kimoja kimoja, akavirudisha, akafunika. Ndipo akachukua gitaa. Alilipitisha jichoni, akalinganisha nyuzi, akapiga kidogo, akakubali kwa kichwa. Hakushukuru, na Cephas hakuwa amekuja kushukuriwa.

"Mama hajisikii vizuri," Byron akasema. "Kesho nitaenda Mfangano, nikae naye wiki moja."

"Mama Truphena bado yuko?"

"Yuko. Macho tu ndiyo hayaoni vizuri." Alilifunga gitaa kwenye gunia safi, taratibu, akafunga kamba mara mbili. Kisha akalinyanyua, akamwekea Cephas mikononi.

"Nitunzie mpaka nirudi."

Cephas alilibeba hadi Migori mapajani, hakukubali liwekwe juu ya gari wala chini ya kiti. Wiki ile yote poshomili ilifungwa mapema. Kila alasiri alilifungua, akanawa mikono, akafanya mazoezi ya ridhimu pole pole mpaka vidole vikaota sugu, kisha akalifunga tena kwa kamba mara mbili, Linet akishuhudia.

Siku ya saba alikuwa Mbita, pale maboti ya Mfangano yanapofikia, kabla jua halijapanda. Boti la kwanza likafika, Byron hakuwamo. Watu waliompita walimtambua, mmoja akamnong'oneza mwenzake, wakageuka kumtazama yeye na gunia lake. Cephas aliona haya, lakini hakuondoka. Akalikumbatia gitaa vizuri zaidi, akangoja boti la pili.